Wodi moja, saratani moja: mwenye kadi ya bima katundikiwa dripu, dada yangu kaambiwa asubiri. Kwa nini?

#1 DadaWaMsamvu
Habari zenu wanajamvi. Miaka yote mimi ni wa kusoma tu humu, leo imebidi niandike.

Dada yangu anauza nyanya na vitunguu Morogoro. Mwaka jana aligundulika ana saratani ya titi. Akafanyiwa upasuaji, akamaliza dawa kali za kemo, na majibu ya kinyama kilichopimwa maabara yakaonyesha HER2 chanya, 3+, yaani seli za uvimbe zina kwa wingi protini iitwayo HER2. Daktari alitukalisha akatueleza bila haraka: kuna dawa inaitwa trastuzumab, wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, inalenga hasa saratani ya namna hiyo. Dripu kila baada ya wiki tatu, mwaka mzima. Akaiandika kwenye faili.

Siku ya kuanza tulikaa benchi moja na mama mmoja mwalimu wa sekondari. Walishazoeana na dada tangu kwenye kemo, siku zao zilikuwa zinagongana. Majibu yao yale yale, 3+. Nesi akaja na kiboksi cha baridi, akatoa kichupa, akatia maji yake, akawa anakizungusha polepole kiganjani bila kukitikisa. Tulikuwa tunakitazama wote watatu. Kisha akasoma kadi, akamtundikia mwalimu. Dada akaambiwa, "Mama, kwa upande wa msamaha stoo haina. Piga simu wiki ijayo." Msamaha ndio sisi, tunaotibiwa bila kulipa.

Dripu ya kwanza ni saa moja na nusu. Dada hakuondoka. Alikaa pale kamshikia mwalimu pochi na kanga mpaka dripu ikaisha, ndipo tukaenda kupanda basi. Njiani hakusema neno.

Mwalimu sina kinyongo naye, Mungu amponye. Hospitali siitaji kwa sababu dada bado anatibiwa pale na manesi wake ni watu wema. Ninachouliza ni hiki: hospitali ni ya umma, dawa ni ile ile, ugonjwa ni ule ule. Nani anaamua huyu apate na huyu asubiri?

#2 MzeeWaFeri
Pole sana binti. Jibu ni fupi: hela. Sera inasema saratani hutibiwa bure, lakini dawa hainunuliwi na sera. Mwalimu kila mwezi anakatwa mshahara wa bima, hospitali ina uhakika italipwa, kwa hiyo inaagiza dozi yake. Dada yako akipewa, nani atarudisha ile hela stoo? Yote mengine ni maelezo tu.

#3 MkweziWaTanga
Dada pole. Wakati mnasubiri mpeni majani ya mstafeli, achemshe anywe kutwa mara tatu. Jirani yangu alipona kabisa, hiyo kemo aliikataa.

#4 SistaWaZamu
#3, kaka yangu, naomba tusipeleke watu huko. Mimi ni nesi wa wodi ya saratani. Nimepokea wanawake waliokaa na mstafeli miezi minane, wakaja titi limeshapasuka. Hakuna ushahidi kwamba unaponya saratani kwa binadamu. Chai ni chai. Na mgonjwa aliye kwenye dawa asinywe majani yoyote bila kumwambia daktari, mengine yanaumiza ini.

#1, dada, mambo mawili. La kwanza, trastuzumab siyo kemo, ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Inashika kipokezi cha HER2 juu ya seli na kuzuia ishara inayoiamuru ikue. Ndiyo maana haina maana kwa asiye na HER2 chanya, na wenye nayo ni kama 15 hadi 20 katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi. La pili, wakati mnasubiri hakikisheni kipimo cha moyo, ECHO, kimefanyika na majibu yamo kwenye faili, maana dawa hii inaweza kudhoofisha moyo. Nimeona dozi imefika mgonjwa akarudishwa nyumbani kwa kukosa ECHO, dozi ikaenda kwa mwingine.

#5 KakaBukoba
MzeeWaFeri bwana, kila uzi jibu lako ni hela! Hata ule wa kwa nini mvua imechelewa Kagera ulisema hela.

Tuwe makini kidogo. Mimi naona tatizo ni hataza. Kampuni imeshikilia haki ya kutengeneza peke yake, inapanga bei inavyotaka, nchi maskini zinabaki kuangalia. India walikataa. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama yao ya Juu iliinyima kampuni ya Novartis hataza ya Glivec, dawa ya saratani ya damu. Sisi tunaogopa nini?

#6 WakiliWaMoshi
Mkuu #5, ya India umesema sawa, lakini Tanzania hilo si jibu. Sisi tumo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na chini ya TRIPS, makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za uvumbuzi, nchi za kundi hilo hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa nazo zimo. Kenya haimo.

Na hataza ya trastuzumab yenyewe Ulaya iliisha 2014, Marekani 2019. Kampuni ya Biocon ya India walianza kuuza ya kwao 2014. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha bayosimila ya kwanza, yaani dawa inayofanana na ile ya asili na iliyothibitishwa kufanya kazi sawa. Kisheria mlango uko wazi. Hapa kwetu anayezuia dawa ni mwingine, si hataza.

#7 KakaBukoba
Nimekubali kwa Tanzania. Lakini bei ilianzia juu kwa sababu ya hataza, na ikianzia juu hata nusu yake bado ni juu. Afrika Kusini alikuwepo Tobeka Daki, mama wa Mdantsane, aliyepigania dawa hii hii kwa kila mwanamke. Yeye mwenyewe hakuipata, akafariki Novemba 2016. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu Marekani iidhinishe dawa hiyo, mwaka 1998. Hiyo miaka 18 nani anailipia?

#8 MfamasiaMstaafu
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimefanya kazi stoo za dawa za hospitali miaka 27. Ngoja niwaeleze kitu ambacho uzi mzima haujagusa: hesabu ya chupa.

Chupa kubwa ina miligramu 440. Dozi hupimwa kwa uzito. Ya kwanza ni miligramu 8 kwa kila kilo, zinazofuata ni 6. Mama wa kilo 60 kwenye dozi za kawaida anahitaji 360. Zinabaki 80. Chupa hiyo ikitiwa maji yake maalumu yenye kizuia vijidudu, inakaa kwenye friji siku 28 na bado ni nzuri. Sasa chukua wanawake watano wa kilo 60: 80 mara 5 ni 400. Hiyo ni dozi kamili ya mwanamke wa sita, na zinabaki 40.

Nilipokuwa kazini niliomba wagonjwa wote wa dawa hii wapangwe siku moja ya wiki ili tuunganishe masalio. Haikuwezekana. Wenye bima walipewa tarehe kwa mujibu wa kibali cha bima, wa msamaha kwa mujibu wa stoo, kila mtu siku yake. Nimeshuhudia milimita zile zikimwagwa, na nje kwenye benchi kuna mtu anasubiri. Sijawahi kusahau.

#9 HesabuKali
Mzee wangu #8, shikamoo. Swali: masalio ya chupa iliyolipiwa na bima ya mwalimu ni mali ya nani? Bima imelipia chupa nzima. Ukimpa mtu wa msamaha, mkaguzi akija utasema nini?

#10 MfamasiaMstaafu
Hilo ndilo nililojibiwa na mhasibu, neno kwa neno. Nikamwuliza, na ukiimwaga mkaguzi atasema nini? Akanyamaza. Kwenye vitabu dawa iliyomwagwa haina swali, dawa iliyotolewa ndiyo yenye maswali.

Niongeze tu kwamba kuunganisha si jambo la mezani. Kunataka kabati la kuchanganyia dawa lenye hewa safi, mtu aliyefunzwa, na friji isiyozidi nyuzi 8. Na chupa ndogo za miligramu 150 hazina ile siku 28, wala sindano ya chini ya ngozi ya 600, ile ni dozi moja kwa kila mtu bila kujali uzito.

Halafu nimeandika milimita, nilikusudia mililita. Macho haya.

#11 MtotoWaWete
Sisi wa Pemba mnatusahau. Mama yangu alipewa rufaa kuja Dar. Boti Wete hadi Unguja, Unguja hadi Dar, na mahali pa kulala huna. Dawa ikiwepo yeye hayupo, akifika imeisha. Aliyekaa Mbagala anapigiwa simu asubuhi, saa tano yuko pale. Nani anapata dozi iliyobaki? Wa karibu. Hapo si bima wala hataza, ni bahari.

#12 SistaWaZamu
#11 umesema kweli tupu. Sisi tukipata dozi tatu za ghafla tunapiga simu kwa wanaoweza kufika siku hiyo hiyo. Hatukusudii kubagua, lakini matokeo yake ndiyo hayo. Simu ya kitochi iliyozimwa kwa kukosa chaji imeshamkosesha mtu zamu.

#13 MwanaKisauni
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo yako hivi. Bima ya zamani ya NHIF iliondoka, bima mpya ya serikali, SHA, ikaanza Oktoba 2024. Kifurushi cha saratani kilianza na shilingi 550,000 za Kenya kwa familia nzima kwa mwaka: 400,000 za mfuko wa kawaida na 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu. Kipindi kimoja cha Herceptin, yaani dripu moja, kilikuwa 120,000. Piga hesabu, hela ya mwaka mzima ilikuwa haitoshi hata vipindi vitano, na kemo hujalipa, mionzi hujalipa. Vipindi ni kama 18.

Mwaka 2025 wizara na Roche, kampuni ya Herceptin, walitangaza makubaliano: bei ishuke hadi 40,000 kwa kipindi na SHA ilipe yote. Nilipoisikia nililia, sioni haya kusema. Mke wangu ni mmoja wao.

#14 HesabuKali
Hongereni Kenya. Ila 40,000 mara 18 ni 720,000, iko juu ya 550,000. Sasa hiyo inakatwa humo humo kwenye kifurushi au inalipwa kando? Na kemo je?

#15 MwanaKisauni
Hilo ndilo swali tunaloulizana kwenye foleni kila wiki. Mke wangu yeye amechomwa vipindi sita hadi sasa bila kudaiwa cha Herceptin, nasema nilichokiona. Vipimo tunalipa wenyewe.

Lakini angalia nani anaingia. Mimi nimeajiriwa, nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, sihisi sana. Mama mboga lazima alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo ndipo kadi ifanye kazi. Wameleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kukopeshwa, ila mtu anayegundulika leo hana muda wa pole pole. Na hospitali zenye dawa hii zinahesabika. Mtu wa Lodwar akielekezwa Eldoret ni zaidi ya kilomita 300, kila wiki tatu, mwaka mzima. Hata ukimpa dawa bure, nauli itamshinda.

#16 MzeeWaFeri
Nauli ni nini? Hela. Nimerudi.

#17 KakaBukoba
Mzee, leo umeshinda. Chai ya saa nne juu yangu.

#18 JichoLaHadubini
Mimi ni wa maabara ya patholojia, nitasema upande wetu. Mnazungumzia waliokwisha kujua wana HER2. Wengi hawajui kabisa. Kinyama kikikatwa wilayani kinatakiwa kuwekwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ya kipimo sahihi, haraka, kwa saa zinazotakiwa. Nimeletewa vinyama kwenye chupa ya maji ya kunywa, vimeshaoza. Nimeletewa vilivyokaa kwenye fomalini wiki sita kwa sababu gari la kuja mkoani halikuwepo. Hicho hata ukipake rangi gani, majibu hayaaminiki.

Halafu majibu ya 2+ ni ya katikati, yanataka kipimo cha pili cha jeni ya HER2, FISH au cha namna hiyo, na mashine hizo ni chache na mgonjwa mara nyingi anaambiwa alipie. Kwa hiyo kuna wanawake wanaotibiwa kama HER2 hasi kwa sababu tu hawakuwa na hela ya kipimo. Hawamo kwenye foleni yenu, hawalalamiki, hawajui. Mimi naona hao wamedhulumiwa kuliko wote.

#19 DadaWaMsamvu
#18 nimesoma mara tatu. Dada yangu majibu yake yalichukua wiki tisa. Nilidhani ndiyo kawaida.

#20 HesabuKali
Nitasema neno gumu, mnisamehe. Kwa Tanzania saratani inayoongoza kwa wanawake ni ya shingo ya kizazi, na hiyo ina chanjo. Tulianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Serikali yenye fungu dogo ikiulizwa, nunua Herceptin ya mtu mmoja au chanja, pima na tibu mapema mamia, mimi nitachagua mamia. Tamoxifen ni vidonge vya saratani ya titi vya bei ya chini, na bado vinakatika vituoni. Tuanze na vya bei rahisi vifike kwa wote. Hiyo nayo ni haki.

#21 DadaWaMsamvu
Kaka HesabuKali, sijakasirika. Binti yangu amechanjwa, nashukuru. Lakini hiyo hesabu yako haikufanywa kwa mwalimu. Kwake hakuna aliyesema tuchanje wasichana kwanza. Kama ni kuchagua, basi tuchague kwa wote wawili: ama dawa ipo hospitali ya umma kwa mwenye 3+, ama haipo kwa yeyote. Mnachofanya ni kumtaja dada yangu pale tu inapotakiwa kubana matumizi.

#22 HesabuKali
Hapo umenishika. Sina jibu zuri. Nitasema tu kwamba fedha ya mwalimu inatoka mfuko mwingine na ya dada inatoka mfuko mwingine, na mifuko haizungumzi.

#23 WakiliWaMoshi
Na ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mifuko izungumze. Sheria ipo. Lakini kitakachoamua ni kitita: saratani gani, dawa gani, hadi kiwango gani. Ukiwa na bima ya wote yenye kitita kisichotaja trastuzumab, mwalimu na mwuza nyanya watakuwa sawa kwa kukosa. Na viongozi wetu wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kila mtu atazame bajeti ya nchi yake.

#24 MpwaniLeeds
Nasalimu kutoka Uingereza, mzaliwa wa Tanga. Msidhani huku pako sawa. Mwaka 2006 Herceptin ilikuwa inategemea unaishi mtaa gani. Mama mmoja wa Swindon, Ann Marie Rogers, alinyimwa na mamlaka ya afya ya eneo lake, akaenda hadi Mahakama ya Rufaa, akashinda. Cha kujifunza ni sababu: mamlaka ilidai tatizo si fedha, itatoa kwa "hali za kipekee" tu. Majaji wakasema, kama fedha si hoja, basi huna msingi wa kumpa huyu ukamnyima yule wakati ugonjwa wao ni mmoja.

Na hata juzi. Enhertu, dawa mpya ya ukoo huo huo, kwa wagonjwa wenye HER2 kidogo: Uskoti waliikubali, England yenyewe NICE, chombo kinachoamua dawa zipi huduma ya umma inunue, wakaikataa mwaka 2024, wakisema bei hailingani na manufaa. Mgonjwa wa Dumfries, Uskoti, akawa anapata, wa Carlisle, England, hapati kupitia huduma ya umma. Kati yao kuna mwendo wa chini ya saa moja kwa gari.

#25 KakaBukoba
Wakili, hiyo kesi ya Swindon inaweza kufunguliwa hapa?

#26 WakiliWaMoshi
Ngumu. Swindon walijifunga wenyewe kwa kusema fedha si hoja. Hapa kila atakayeitwa mahakamani atasema fedha ndiyo hoja, na mahakama zinasita kupanga bajeti ya wizara. Lakini swali la msingi wa kuchagua bado linaulizika. Hospitali inaweza kutakiwa ionyeshe utaratibu wa foleni kwa maandishi. Dada #1, mliwahi kuonyeshwa orodha?

#27 DadaWaMsamvu
Hapana. Kuna daftari la nesi tu. Jina la dada limo, nililiona. Ni la 14.

#28 BabaWawili
Mimi niko tofauti na nyote, na naona aibu kidogo kuandika. Mjomba wangu ana saratani ya damu, CML. Anakunywa Glivec mwaka wa tisa huu. Hajawahi kulipa senti ya dawa. Kampuni ya Novartis inatoa bure kupitia mpango wa msaada na shirika la The Max Foundation, ulianza 2002. Kila akienda kliniki anarudi na vidonge vyake. Kipimo chake cha damu kinafanywa kwa mashine ya GeneXpert, ile ile ya TB. Analima, amesomesha. Hana bima, hana mtu anayemjua. Alichokuwa nacho ni saratani ambayo kuna mtu mbali aliamua kuigawia dawa. Dada wa Msamvu angepata hiyo, leo asingeandika uzi.

#29 SistaWaZamu
Na mpango wa hisani ukifungwa siku moja? Hilo linaninyima usingizi. Msaada hauna kifungu cha bajeti.

#30 MtotoWaWete
UKIMWI ilikuwaje lakini? Wazee mnakumbuka.

#31 MfamasiaMstaafu
Nakumbuka vizuri mno. Dawa za mwaka mmoja zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India wakatangaza dola 350. Mwaka 2002 ukaja Mfuko wa Dunia, 2003 mpango wa Marekani wa PEPFAR. Tuliokuwa stoo tuliona rafu zikijaa ndani ya miaka michache, tulizoea kuzika. Bei pekee isingetosha, na fedha pekee isingetosha. Vilikuja pamoja, na wagonjwa walikuwa barabarani na mabango. Kwa saratani bei imeanza kushuka, mfuko wa ukubwa ule haujaja.

#32 HesabuKali
Kuna njia nyingine hamjaitaja: kufupisha. Utafiti wa PERSEPHONE wa Uingereza, wagonjwa 4,089, ulilinganisha miezi sita na kumi na miwili. Baada ya miaka minne waliokuwa hai bila saratani kurudi ni asilimia 89.4 kwa 89.8. Karibu sawa, na walioumia moyo ni wachache zaidi kwenye miezi sita. Hospitali yenye dozi 18 ingetibu wanawake wawili.

#33 SistaWaZamu
Ndugu, na PHARE wa Ufaransa uliuliza swali hilo hilo na haukuweza kuthibitisha kwamba miezi sita inatosha. Madaktari wangu wanabishana mpaka leo. Tena naogopa kitu kimoja: mwenye bima atapewa 18, wa msamaha ataambiwa sayansi inasema 9. Ikiwa ni 9 ziwe 9 kwa wote.

#34 KakaBukoba
Na tisa hizo zitoke kwenye masalio ya Mfamasia.

#35 MfamasiaMstaafu
Unacheka, lakini wodi yenye wagonjwa ishirini siku moja inawezekana kabisa. Nipeni kabati na friji, nirudi kazini hata bila mshahara.

#36 DadaWaMsamvu
Mrejesho wanajamvi. Nimempigia mwalimu jana usiku, nikamsomea post #8. Ana kilo 58, dozi yake ni 348. Alinyamaza kidogo, akasema dripu yake ya pili ni Alhamisi na atamwuliza nesi mbele yangu masalio yanakwenda wapi. Anasema kama ni kusaini karatasi kwamba yaliyobaki ameyatoa, atasaini.

ECHO ya dada imefanyika leo. Majibu ninayo mkononi. Kesho alfajiri tuko stendi Msamvu.

#37 HesabuKali
Miligramu 92 zitabaki. Dada yako ana kilo ngapi?

#38 DadaWaMsamvu
Alikuwa 71. Sasa 54.

#39 MfamasiaMstaafu
Ya kwanza kwake ni 432. Chupa moja nzima karibu yote. Masalio ya mtu mmoja hayatoshi mwanangu, wanahitajika walimu watano. Lakini nendeni mkaulize. Ulizeni pia chupa ni ya 440 au ya 150, na maji yaliyotumika ni yapi.

#40 BintiWaSengerema
Samahanini kuingilia uzi, nimesoma wote usiku huu. Mama yangu majibu yametoka leo, wameandika HER2 2+. Daktari yuko likizo. #18, kile kinyama kilichobaki maabara bado ni chetu? Naweza kukichukua nikakipeleke kwingine kupimwa?

#41 JichoLaHadubini
Ndiyo dada, ni chenu. Omba bloku ya nta ambamo kinyama kimehifadhiwa, siyo slaidi tupu, na nakala ya ripoti yenye namba ya maabara. Usiiache kwenye gari juani. Nenda mapema, mtu wa bloku hutoka saa nane.